Jina la Mwenye Nyumba

Barua ilinifikia kwenye simu asubuhi nikiwa jikoni nakaanga mahamri. Niliisoma mara mbili, na mahamri matatu yakaungua. Ilitoka idara ya uhamiaji ya ile nchi ya baridi anakofanya kazi mume wangu, nayo ilikuwa ndefu na yenye adabu, kama mtu anayetaka kukunyima kitu bila kukuudhi. Ukiondoa adabu, ilisema hivi: kuna mwanamke mmoja mwenye pasipoti na cheti cha ndoa cha kadhi, na kuna mwanamke mwingine mwenye cheti cha polisi cha tabia njema. Walitaka kujua wanawake hawa wawili wana uhusiano gani. Kwa hesabu yao, aliyeolewa hakuwa na tabia njema, na mwenye tabia njema hakuwa ameolewa.

Wanawake hao wote wawili walikuwa mimi. Nilipewa siku thelathini za kuthibitisha.

Nisipothibitisha, ombi lingefungwa na tungeanza tena mwanzo, na kuanza mwanzo maana yake ni mwaka mwingine wa kuwa mke wa simu. Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja na nusu. Katika muda huo wote tulikuwa tumelala chini ya paa moja siku ishirini na sita, na katika hizo, siku nne aliumwa tumbo kwa pweza wa harusi. Nilimtaka mume wangu. Nalisema wazi, maana wakati ule nilikuwa naona haya kulisema, na haya ile ndiyo iliyonifanya nijifanye nashughulikia karatasi tu.

Kosa lilikuwa letu sote wawili, lakini naanza na lake. Yeye kazi yake ni kusukuma vitanda vya wagonjwa hospitalini, na huko ana mwenzake anayejua kila jambo la uhamiaji wa wake za watu, ingawa mwenyewe hajawahi kuoa. Huyo ndiye aliyemwambia kwamba kule mke hubeba jina la mumewe, na asiyelibeba hutiliwa shaka. Mume wangu akaniletea maneno hayo kwa simu kama mtu aliyeokota lulu.

Sasa kosa langu. Kwetu Mji wa Kale mwanamke akiolewa huolewa yeye, jina lake haliguswi. Mimi nina majina matatu kama watu wote: langu, la baba na la babu. Lakini kitambulisho changu kilikuwa kimechujuka mpaka sura yangu ikafanana na ya shangazi yangu, na wiki ile ile nilikuwa naenda kukibadilisha. Nikajiambia, hapa hapa nifanye mawili kwa safari moja. Nikampeleka karani cheti cha ndoa, jina la babu likatoka, la mume likaingia. Babu alikuwa amekufa tangu sijajua kusoma, nikaona hatoumia. Pasipoti sikuigusa kwa kuwa nakala yake ilikuwa imekwishatumwa na ombi. Polisi nao wakaniandikia cheti changu kwa kitambulisho kipya, ndipo nikawa wawili.

Nikaenda kwa wakili mmoja mtaa wa Makadara, ofisi iliyo juu ya mkahawa, ambamo kila hati inayotoka inanukia pilau. Ni mtu wa Taita, Mkristo, mpole, hafungui tai hata joto likawaje. Aliisoma barua ile akaniuliza kwa nini nilibadilisha jina ombi likiwa njiani. Nikamwambia habari za yule asiyeoa, mwenzake mume wangu. Akasema vitahitajika viapo viwili: changu, na cha mzee wa karibu aliyenijua tangu kuzaliwa, ataje baba yangu ni nani na babu yangu ni nani, ili yule wa pasipoti na yule wa kitambulisho wafungwe kamba moja. Karatasi za zamani za nyumbani zingesaidia, ila za kwetu zilikuwa darini, na dari yetu ilivuja miaka mingi kabla sisi hatujajua kwamba inavuja.

Baba yangu alifariki nikiwa shule ya msingi. Mama alikuwa Maskati, amekwenda kumlea dada yangu aliyejifungua, na kumpitisha kwenye ubalozi kule kungekula siku zote. Akabaki bibi, mama wa baba yangu, ninayeishi naye. Bibi alikuwapo nilipozaliwa, tena ndiye aliyenipokea kwa mikono yake kwa kuwa mkunga alichelewa. Nilimwambia wakili kwamba shahidi kama huyo hapatikani pwani nzima, nikashuka ngazi kwa furaha.

Nilikuwa nimefika kwenye kona ya nyumbani nilipokumbuka mambo mawili. La kwanza, bibi hakujua kwamba nimemtoa babu. La pili, bibi hajawahi kulitaja jina la babu.

Hili la pili nilieleze, maana vijana wa siku hizi hawalijui. Wanawake wa rika la bibi hawamtaji mume kwa jina, ni heshima. Babu alikuwa fundi saa, na bibi alikaa naye miaka arobaini na miwili akimwita "mwenye nyumba". Babu akiwa darini na bibi yuko chini, bibi aligonga sinia kumwita. Jina lenyewe ni la nabii mmoja, na wanaume wenye jina hilo mtaani hawana idadi, basi wote bibi huwaita "somo", kwa kuwa ni masomo wa mumewe, wa jina moja naye. Muuza mayai wetu analo. Kwa miaka yote aliyotuletea mayai, bibi amekuwa akimwita somo dirishani, naye huitika vizuri tu, nadhani hakumbuki tena kwa nini.

Nilimwambia habari ya kitambulisho baada ya chakula cha mchana, wakati ambao huwa na huruma. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kikombe cha kahawa.

"Umemtoa mume wangu," akasema, "ukamtia wako."

Nikajitetea kwamba ni mambo ya karatasi tu. Akaniambia yeye amekaa kwa mume miaka arobaini na miwili na kila asubuhi ameamka binti wa baba yake. "Mume huatwa," akasema, yaani huachwa. "Baba haatwi. Ukitaka jina la kuazima, mbona huazimi la sultani?" Kisha akaninyamazia siku tatu. Si kimya kabisa, kwa kuwa nyumba ina mahitaji yake. Alikuwa akisema na mimi kupitia kwa paka. Paka aliagizwa aniambie chai iko tayari. Paka aliagizwa aniulize kama mke wa mtu amefunga mlango wa uani. Siku ya tatu na mimi nikamwagiza paka. Nikamwambia amwambie bibi kwamba bila ya kiapo chake, wale watu wa baridi watanijua kwa jina la mume peke yake, na la mwenye nyumba litapotea moja kwa moja. Paka alikuwa amelala, lakini ujumbe ulifika. Kesho yake bibi alivaa buibui lake la kutokea.

Kwa wakili alipanda ngazi polepole, akahesabu vidato, akakaa akauweka mkoba mapajani. Wakili alimsalimu kwa heshima zote, akamuuliza hali, akamuuliza magoti, wakaelewana. Alieleza kwamba yeye ana utaratibu wake: hagongi muhuri mpaka asikie kila jina kwa mdomo wa mwapaji, kwa sababu aliwahi kumwapisha mtu ambaye baadaye alikana kwamba anajua kilichoandikwa. Bibi akasema huo ni utaratibu mzuri sana. Alitaja jina lake, akataja la baba yake, akalitaja la marehemu mwanawe, baba yangu. Wakili akaandika.

"Na huyo mwanao, mama, baba yake aliitwa nani?"

"Mwenye nyumba."

"Nyumba ipi?"

"Yetu."

Wakili akanitazama. Nikatazama muhuri. Akauliza tena kwa upole jina lake hasa. Bibi akasema alikuwa fundi saa. Akaulizwa watu walimwitaje. Akasema walimwita fundi. Akaambiwa fundi saa si jina la kuandika kwenye kiapo, akasema kuwa mtaa mzima wamjua, aandike tu, na mwenye shaka aje aulize. Wakili akauliza kama pengine amelisahau, na hapo bibi alimtazama kwa namna ambayo mtu yule alifuta swali lake mwenyewe kwa mkono.

Bibi naye hakutaka kunivunjia safari. Alitafuta njia. "Nipa kalamu," akasema, akaliandika kwa herufi za Kiarabu, hati nzuri iliyonyooka, akamsukumia karatasi. Wakili aliitazama, akaigeuza juu chini, akairudisha akisema pole, hiyo kwake ni mapambo. Nikapendekeza mimi niliseme na yeye aitikie kwa kichwa. Wakili akasema kichwa hakiapi. Basi nikaona nimepata la maana, nikamkumbusha bibi kwamba jina hilo hulisoma kwenye Qur'ani kila siku bila wasiwasi, kwa sababu pale ni la nabii. Na hapa alitamke hivyo hivyo, akimnuia nabii.

"Kiapo ni nia," akanijibu. "Nikimnuia nabii, nimeapa kwamba nabii ni babuyo. Huo ni uwongo, tena mkubwa."

Wakili, aliyekuwa ameanza kufuta jasho ingawa feni ilikuwa inazunguka, aliamua kuanza na kiapo changu ili asipoteze asubuhi yote. Akaniuliza mume wangu anaitwa nani. Nilifungua mdomo. Nikaufunga. Nikasema, "Yeye, aah." Nikajikuta nimetoa simu kutafuta jina la mume wangu, na kwenye simu nimemwandika "Yeye". Mwishowe nililitaja chini chini, nikitazama meza, na bibi akageuza uso ukutani kwa kunionea haya. Nami nilikuwa nimekwenda pale nikicheka moyoni kwamba bibi ni mtu wa kale, na mimi nimesoma.

Tuliondoka bila muhuri. Kwenye tuktuk hatukusemezana, na safari hii paka hakuwapo wa kutusaidia. Siku zilikuwa zimebaki tisa. Mume wangu alipiga simu nikamwambia jambo limekwama kwa sababu bibi hataki kumtaja mumewe. Akasema atamuuliza yule mwenzake. Nikakata simu.

Jikoni nilishika kisu nikaanza kukata vitunguu kwa hasira, vingi kuliko mchuzi ulivyohitaji. Bibi alikuwa ameketi kwenye kibao akimenya vitunguu saumu. Nikasema nilichokuwa sijathubutu kukisema tangu ombi lilipotumwa.

"Bibi, si jina. Wewe hutaki niende."

Alimenya punje mbili nzima kabla ya kujibu.

"Sitaki," akasema. "Nimemvyaa babako akafa. Mamako yuko Maskati. Ukenda wewe, nabaki na paka, na paka mwenyewe hanisikizi."

Nililia, na vitunguu vikanisitiri. Nikamwambia na mimi sitaki, kwamba kuna siku namtaka mume wangu mpaka siwezi kula, na kuna siku nafikiri nani atamtafutia bibi miwani yake wakati iko kichwani pake, na siku zote mbili huweza kuwa siku moja. Akaniambia nisilie juu ya vitunguu, mchuzi utakuwa na chumvi. Baadaye, tukiwa tumekwisha kula na mimi naosha sahani, alisema kwamba kutotaka kwake si sababu. Alilisema akiwa amenipa mgongo, akamfuata paka barazani.

Asubuhi yake nilimkuta amekwishavaa, mkoba mkononi, na ilikuwa bado hatujanywa chai. Alikuwa na sharti moja. Akilitaja jina la mwenye nyumba, mimi nilirudishe mahali pake kwenye kitambulisho, na mume wangu atafute mahali pengine pa kukaa. Nikakubali. Akaniambia kukubali kwangu anakujua, niape. Nikaapa pale pale mlangoni, bila wakili na bila muhuri.

Juu ya mkahawa, wakili alitupokea kama mtu aliyejiandaa usiku kucha kwa subira. Bibi aliomba dirisha lifungwe, asije akapita somo chini akadhani anaitwa. Likafungwa. Harufu ya pilau na joto vikabaki ndani pamoja nasi. Aliweka mkono mmoja juu ya mwingine. Akaanza mwanzo: jina langu, jina la baba yangu. Akasema kwa sauti ndogo, si kwetu, "Niwie radhi." Kisha akalitaja.

Wakati ule ule tuktuk ikapiga honi chini ya dirisha, honi ya wimbo mzima, ile ya kucheza ngoma. Wakili alikunja uso kama aliyebanwa kidole. Akasema anaomba msamaha sana, lakini hakusikia.

Nilidhani bibi atasimama aondoke, na nisingemlaumu. Lakini alivuta pumzi, akalitaja mara ya pili, wazi, herufi kwa herufi, kwa ule utamshi wake wa madrasa unaofanya kila jina liwe refu. Wakili akaliandika akamsomea, akamuuliza kama ndilo. Bibi akasema ndilo. Muhuri ukalia juu ya meza.

Na ndipo akalitaja mara ya tatu. Hakuna aliyemwomba. Alilitaja kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili umwambie chakula tayari, kisha akainamisha kichwa upande, akakaa hivyo. Nikaelewa kwamba anasubiri kuitikiwa. Wakili alishusha kalamu akawa hatikisiki. Bibi akacheka kidogo, akajipangusa macho kwa pindo la buibui, akasema miaka arobaini na miwili hakujua kama ni jina tamu hivyo kulitamka.

Jina lenyewe mimi sitaliandika hapa. Alilitaja kwa ajili ya muhuri, hakulitaja kwa ajili ya kitabu.

Karatasi zilitumwa siku mbili kabla ya mwisho. Baada ya majuma mengi idara ilijibu, kwa adabu ile ile, kwamba imeridhika kuwa mimi na mimi ni mtu mmoja. Nilikwenda nikarudisha jina la babu kwenye kitambulisho. Karani aliniuliza kama nimeachwa, nikamwambia la, nimerudi kwa baba tu, akaandika. Mume wangu nilimwambia habari zote, na kwamba amwambie yule mwenzake atafute mke kwanza. Akacheka sana. Kisha akaniuliza kwa hiyo nilimtaja jina mbele ya wakili, nikasema ndiyo. Akaniomba nilitaje na kwenye simu alisikie. Nikamwambia mtandao mbaya.

Siku ya kuondoka, tuktuk ilikuja mpaka mdomo wa kichochoro, kwa kuwa kwetu haiingii. Bibi hakutaka kufika uwanja wa ndege. Alisema yeye na ndege hawajuani. Alinisomea dua, akanitia vitumbua kwenye mkoba kana kwamba navuka feri kwenda Likoni tu, akanishika uso kwa mikono yote miwili mpaka nikahisi pete yake shavuni. Nikatembea na mizigo yangu sikugeuka, maana ningegeuka nisingekwenda. Nilikuwa nimekwishakaa kwenye tuktuk nilipomsikia akiniita kutoka mlangoni. Hakuita jina langu la nyumbani. Aliita majina yote matatu, langu, la mwanawe, na la mwisho la mumewe, kwa sauti ambayo kichochoro kizima kiliisikia, na dirisha moja juu likafunguka.

"Abee, bibi," nikaitika.

"Naam, bibi," akaitika muuza mayai aliyekuwa akipita na trei zake mbili, akasimama ameshangaa, kwa kuwa kutoka kwenye mlango ule hajawahi kuitwa kwa jina lake.

Bibi alimtazama yeye, akanitazama mimi.

"Simwiti mtu," akasema. "Nalizoea tu."